Bibi kakutwa nje usiku: mwongozo wa maadili kwa sisi tunaohudumia wazee wenye ugonjwa wa kusahau

Nianze na jambo ambalo mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa sana. Bibi wa miaka 70 na kitu anakutwa saa nane usiku kwenye mji wa jirani, khanga imemdondoka, anaongea peke yake, ukimuuliza anatafuta nini anasema ndama. Sisi tuliopita chuo tunaona demenshia, yaani huo ugonjwa wa kusahau, hapo hapo: usiku na mchana vimeshachanganyikana, njia ya kurudi imefutika, nguo kaisahau, na ndama anayemtafuta alikuwepo kweli ila alichinjwa enzi za Mwalimu. Jirani naye ana elimu yake, anajua mtu mzima akiwa uchi usiku kwenye mji wa watu anafanya nini. Anawanga. Halafu kuna yale macho mekundu, miaka 50 ya kupuliza kuni mbichi jikoni, basi ushahidi wa uchawi umekamilika.

Ndio maana kwetu huku, iwe Uyui, Nzega, Sikonge au hapa mjini Ng'ambo, maadili ya kumhudumia mzee mwenye ugonjwa wa kusahau sio mada ya kujazia semina ili posho itoke. Neno utakalolitamka wewe nesi au tabibu au afisa ustawi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii linatoka nje ya mlango kabla mgonjwa hajatoka. Mimi ni nesi, nimekaa zahanati ya kijijini halafu wodini, na katika makosa yangu yote na ya wenzangu niliyoyaona, mengi yalianzia sehemu moja: tuliongea na aliyemleta mzee tukamsahau mzee. Kwa hiyo swali ninalotembea nalo ni hili, mwenye shauri yuko wapi? Likishajibiwa hilo, mengine yanafuata. Haya twende.

Hatua ya 1: usimpe jina la ugonjwa kabla hujapima

Mtu akikwambia "mama amechanganyikiwa", swali la kwanza ni tangu lini. Tangu juzi? Hiyo sio demenshia mpaka uthibitishe vinginevyo, hiyo ni deliriamu, mchafuko wa akili wa ghafla, na mara nyingi inatibika. Pima malaria, pima sukari (iliyoshuka inamfanya mtu aongee ovyo kabisa), angalia mkojo kama kuna maambukizi, angalia kama amepungukiwa maji, kama amefunga choo, kama alianguka wiki zilizopita akagonga kichwa maana damu huweza kuvujia taratibu ndani ya fuvu. Omba uoneshwe mfuko wa dawa. Mwambie amwage zote mezani. Utakuta amitriptilini ya usingizi, prometazini ya kikohozi, diazepamu alizopewa na shoga yake, na vyote hivyo kwa mzee vinavuruga kumbukumbu.

Kama ni ya miezi au miaka inayoenda ikizidi, hapo ndio unaanza kufikiria demenshia, na bado kuna ya kuondoa njiani: sonona baada ya kufiwa, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende, VVU. Na masikio jamani! Nimeshaona babu kaandikwa kwenye faili "haelewi anachoulizwa", tukatoa nta masikioni, babu akaanza kutusimanga jinsi tulivyokuwa tunampigia kelele.

Vipimo vya kumbukumbu navyo vina maadili yake. Ukimuuliza bibi ambaye hajakanyaga darasa leo ni tarehe ngapi, au atoe 7 kwenye 100 aendelee kushuka, hujampima ubongo, umempima shule. Watafiti waliofanya kazi wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walioripoti mwaka 2013 kwamba wazee wa miaka 70 kwenda juu wenye demenshia walikuwa karibu asilimia 6.4, ilibidi watengeneze kipimo kinachomfaa asiyesoma, na sehemu yake mojawapo mzee anapanga njiti 4 za kibiriti akifuata alivyopanga mpimaji. Na muulize kwa lugha yake. Ukianza na "Mwangaluka, mayu" utapata majibu ambayo "shikamoo bibi" haikupi, kwa sababu ugonjwa huu huwa unakula kwanza yaliyokuja mwisho, na kwa wazee wetu wengi Kiswahili kilikuja baada ya Kinyamwezi. Kwa wenzetu wa Kigoma na Kiha hivyo hivyo.

Hatua ya 2: kiti chako kielekee kwa mzee

Hii inaonekana ndogo, sio ndogo. Ukikaa ukimtazama mtoto wake, mzee ameshatolewa kwenye mazungumzo. Kaa usawa wa macho yake, msalimie yeye, muulize yeye, hata kama unajua jibu litatoka limepinda. Halafu muulize: naomba nimuulize mwanao pia, unaniruhusu? Karibu wote wanakubali.

Utani nao. Sisi ni watu wa utani, bibi anamwita mjukuu "mume wangu" na mji wote unacheka, kwa hiyo manesi tunaingia wodini na "mchumba wangu leo umekula?" Kwa mzee mzima wa akili ni sawa tu. Ila kwa mwenye demenshia utani unaweza kugeuka, niliwahi kumwita babu mmoja mume wangu akaanza kulia akiuliza kwa nini niliondoka na watoto. Sikujua pa kuweka uso. Siku hizi nasikiliza kwanza yeye ananiitaje, nami nafuata hapo.

Na mambo ya kuogesha, hapa wenzetu wanaotoka mbali huwa hawaelewi. Ukimkuta mama mkwe hajaogeshwa siku nne na mlezi pekee nyumbani ni mkwewe wa kiume, usikimbilie kuandika "ametelekezwa". Yule mkwe hawezi. Anaweza kumlisha, anaweza kumbeba mgongoni mpaka zahanati, lakini kumvua nguo mama mkwe hawezi, na yule mama hata akisahau kila kitu aibu hiyo haisahau. Tafuta mwanamke wa ukoo au jirani, pangeni siku. Ukiona analia akivuliwa, ogesha kipande kipande huku amefunikwa khanga, uso leo, miguu jioni. Kuoga sio lazima kila siku.

Hatua ya 3: uwezo wa kuamua unapimwa kwa jambo moja, saa hiyo

Hapa ndipo pana uzito na ndipo nitakapokaa.

Kuna mzee alikuwa mfanyakazi wa reli, tulimlaza kwa ajili ya nimonia. Saa kumi, muda wa kuona wagonjwa, wakaja watu watatu wamevaa vizuri, mmoja kashika bahasha ya kaki na kile kidau cha wino wa bluu cha kugongea mihuri. Nikaona wanamshika mkono wa kulia, wanamfuta kidole gumba na kitambaa. Nikasogea. Sikuwa na ubavu wa kugombana na watu wazima mbele ya wodi nzima, nikauliza tu, "Mzee, samahani, hii karatasi ni ya nini?" Akanitazama na tabasamu kabisa: "Ya ruhusa. Wananipeleka nyumbani." Karatasi ilikuwa ya kuuza kiwanja.

Hebu tutumie mfano huo. Kuna maswali manne yanayotumika karibu kila mahali, na Uingereza wameyaweka hadi kwenye sheria yao ya mwaka 2005 ya uwezo wa akili. Je, anaelewa anachoambiwa? Je, anaweza kukishika kichwani muda wa kutosha kuamua? Je, anaweza kupima, nikifanya hivi nitapata hiki nitapoteza kile? Na je, anaweza kueleza uamuzi wake kwa namna yoyote, hata kwa kutikisa kichwa? Yule mzee kwenye kiwanja alianguka swali la kwanza tu. Sasa wengi wetu tungeishia hapo tukaandika "hana uwezo wa kuamua" tukafunga faili, na hilo ndilo kosa. Maana mzee huyo huyo, saa hiyo hiyo, nilipomuuliza anataka nani amuogeshe akasema yule kijana mrefu wa usiku, wale wanawake hapana. Anataka chai bila sukari, na akaeleza kwa nini. Sindano kwenye paja la kushoto hataki kwa sababu linauma, weka kulia. Maamuzi matatu safi kabisa, ya mtu mwenye akili yake. Kiwanja hakiwezi, mwili wake anauweza. Kwa hiyo usiandike "hana uwezo". Andika hana uwezo wa kuamua nini, tarehe ngapi, saa ngapi.

Na saa ina maana. Wazee wengi wa namna hii jua likizama wanavurugika zaidi, wakiamka asubuhi wakinywa uji wanakuwa watu wengine. Ukitaka kumuuliza kuhusu upasuaji wa mtoto wa jicho nenda saa tatu asubuhi, yuko mtu anayemuamini, redio imezimwa, sentensi fupi. Ukimuuliza saa moja jioni akashindwa, umeshindwa wewe.

Akishindwa kweli? Hapo unauliza watu wanaomjua, lakini unauliza swali sahihi. Sio "nyie mnataka tumfanyie nini", bali "yeye angekuwa mzima, angesema nini?" Ni vitu viwili tofauti. Watoto watatu watakupa majibu matatu kwa swali la kwanza, kwa la pili mara nyingi wanakubaliana. Halafu unachagua njia inayombana kidogo kuliko zote.

Kwa mali, wodi sio ofisi ya ardhi. Haki ya kumiliki mali iko kwenye Katiba, ibara ya 24, na haifutwi na kusahau. Kusimamia mali ya mtu asiyeweza kuamua kunapitia mahakamani. Wewe usishuhudie dole gumba, usisaini popote, mwite afisa ustawi na andika ulichokiona.

Hatua ya 4: kumwambia au kutomwambia

Familia itakuvuta pembeni: "nesi usimwambie, atakata tamaa." Naielewa hiyo huruma. Lakini mzee anayeanza kusahau ndiye wa kwanza kujua kuna kitu, anaficha tu. Nafanya hivi: namuuliza yeye, "vipimo vikitoka, unataka nikueleze wewe au nimueleze mtu wako?" Anayetaka kujua ana haki ya kujua, asiyetaka naye ana haki ya kutojua, usimlazimishe. Na ukimwambia mwambie kwa maneno yasiyomchoma: ni ugonjwa wa ubongo unaoleta kusahau, haujatokana na kosa lako, dawa ya kuuondoa hakuna, ila kuna mengi ya kufanya. Usiseme "amerudi utotoni". Mtoto anajifunza kila siku, huyu anapoteza alichojifunza, na alishakuwa baba au mama wa watu.

Hatua ya 5: usalama wake mtaani, na siri yake

Hapa maadili mawili yanagongana uso kwa uso. Siri ya mgonjwa ni yake, Katiba ibara ya 16 inalinda faragha na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti. Upande wa pili bibi asipoelezewa kwa majirani anaweza asifike Pasaka. Maoni yangu, na najua wapo watakaopinga: hapa uhai unatangulia, lakini unatoa siri kwa kijiko sio kwa ndoo. Muombe ruhusa yeye au anayemlea. Halafu nenda pamoja na mwanafamilia kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa miji mitatu minne ya karibu, useme hili tu: bibi anaumwa ugonjwa wa ubongo, unaweza kumtoa nje usiku, mkimuona msimzomee, mpeni kitu cha kujifunika na mpige namba hii. Basi. Usitaje dawa zake, usitaje mkojo wake.

Ikibidi kuelezea kwamba ni ugonjwa kweli, mimi huwa nawahadithia habari ya yule daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 alieleza ubongo wa mama mmoja aliyefariki akiwa na miaka 55 tu. Alipoukata akauangalia kwa hadubini akakuta umesinyaa na una mabaka. Yule mama alikuwa anasahau, anahangaika, anamshuku mumewe. Wanaume wa barazani wanapenda sana hicho kipande cha kukata ubongo, sijui kwa nini, lakini wakishajua kuna kitu kinachoonekana kwa macho mjadala wa uchawi unapungua moto. Macho mekundu nayo yaseme waziwazi: ni moshi. Waulize nani kati ya mama zao hana.

Ukisikia tishio, hata la mlevi kilabuni, usilipuuze kwa kuona ni maneno tu. Toa taarifa kwa mtendaji na polisi siku hiyo hiyo, mhamishie kwa ndugu usiku huo, afisa ustawi ajulishwe. Makazi ya wazee ya serikali yapo, hapa mjini tuna Ipuli, lakini hayo ni ya asiye na mtu kabisa. Ukimng'oa mzee mwenye demenshia kwenye mji alioujua miaka 40 unamuongezea kupotea, kwa hiyo iwe njia ya mwisho.

Hatua ya 6: kabla hujamfunga au kumtuliza kwa sindano

Babu anapiga kelele usiku, wodi nzima haijalala, uko peke yako na wagonjwa 30. Najua. Nimeshika ile haloperidoli ya kutuliza mkononi mara nyingi. Ila jua kwamba mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuhusu kundi jipya la dawa hizi kwa wazee wenye demenshia, kwamba zinaongeza vifo, na baadaye onyo likapanuliwa kufikia zile za zamani ikiwemo haloperidoli na klopromazini. Diazepamu nayo inamwangusha, nyonga inavunjika.

Kwa hiyo pitia kwanza: ana maumivu? Kibofu kimejaa? Choo kigumu? Njaa, kiu, baridi, giza? Mpira wa mkojo umejikunja? Kuna mmoja alikuwa anapiga kelele usiku tatu mfululizo kumbe kitanda chake kinatazama dirisha na kivuli cha mwembe kikicheza na upepo anaona watu. Tukageuza kitanda. Dawa ni pale anapotaka kujidhuru au kudhuru mtu, dozi ndogo, siku chache, na unaandika sababu na siku ya kuiacha.

Kamba hapana. Kumfungia mlango kwa kufuli na watu wakaenda shamba nako hapana, moto ukiwaka nani atafungua? Kengele mlangoni, au yale makopo mawili ya bati yanayogongana mlango ukifunguliwa, yanafanya kazi nzuri tu. Kuficha dawa kwenye uji ni jambo la kujadili na daktari na familia na kuandikwa, sio la mtu mmoja kuamua jikoni, na kwa mzee anayejua anachokikataa usifanye kabisa.

Hatua ya 7: akimuulizia marehemu

Bibi anauliza mume wake yuko wapi. Ukimwambia amekufa, anafiwa upya, kesho tena, keshokutwa tena. Ukimwambia yuko njiani anakaa mlangoni hadi usiku. Mimi siufungi mlango kwa jibu, nauliza: "unamkumbuka sana eeh? Alikuwa mtu wa namna gani?" Mara nyingi alichotaka ni kumwongelea. Lakini akikukazia macho akakuuliza "niambie ukweli, amekufa?", mwambie ukweli, umkumbatie, ukae naye. Huyo hajauliza kwa ugonjwa.

Yule mzee wa reli, baada ya kutoka, kila jioni alikuwa anavaa koti aende stesheni kupokea treni ya Kigoma. Watoto walikuwa wanamvuta arudi, anapigana nao. Afisa ustawi akawashauri wamsindikize. Anakaa kwenye benchi, anaangalia reli, nusu saa, anasema "imechelewa", wanarudi. Hakuna aliyemdanganya na hakuna aliyemfunga.

Hatua ya 8: pesa zake, na anayemlea

Pesa nitapita haraka. Ruzuku ya TASAF, pensheni, pesa za tumbaku, namba ya siri ya simu anayo mjukuu. Muulize mzee pesa yako inafanya nini, kisha angalia mwenyewe: ana blanketi? Anakula nini? Kama ruzuku inaingia na yeye anakula michembe tu, yale makavu ya viazi vitamu, mwezi mzima wakati mjukuu ana pikipiki mpya, hapo pana kesi ya ustawi. Mkumbushe pia msamaha wa matibabu, sera yetu ya wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60.

Anayelea sasa. Huyu mara nyingi ni binti, au mkamwana, au mjukuu wa kike aliyeachishwa shule kimya kimya. Muulize ukiwa naye peke yake: unalala saa ngapi? Umeshawahi kumpiga? Uliza hivyo hivyo bila kukunja uso, maana aliyechoka atakwambia, na anayekwambia anaomba msaada. Mwenye kuchoka mpe zamu ya ndugu, mwenye ukatili mpe dawati la polisi, na kazi yako ni kujua nani ni nani kabla hujapiga simu. Nilishakosea hapo, nikamripoti binti ambaye kosa lake lilikuwa usingizi. Mama yake alikaa siku mbili bila mtu wa kumlisha.

Hatua ya 9: picha na faili

Usimpige picha mzee akiwa hajui alipo ukatuma kwenye kundi la wodi, hata kama umeziba macho, Tabora ni ndogo na khanga inajulikana. Amepotea na hamumjui? Picha ya uso tu, kwa polisi na viongozi wa mitaa, akipatikana mnafuta.

Kwenye faili andika ulichokiona na alichosema, kwa maneno yake. Usiandike "mkorofi", usiandike "amechanganyikiwa". Yule mzee wa kiwanja niliandika hivi: "Saa 10:20 jioni. Wageni 3 wamekuja na karatasi ya mauzo na wino. Mgonjwa ameulizwa karatasi ni ya nini, amejibu 'ya ruhusa'. Hajaelewa maudhui. Hajaweka dole gumba. Afisa ustawi amepigiwa simu saa 10:35. Mgonjwa anaomba aogeshwe na muuguzi wa kiume wa zamu ya usiku, chai bila sukari, sindano paja la kulia."